Mashine ya vidole ilikuwa mbele dakika 11, watu wakakatwa mshahara. Tuongee NTP (utaratibu wa vifaa kuuliza saa kwenye mtandao)

FundiNyaya (mleta uzi)

Heshima yenu wakuu.

Kuna kiwanda huku Kanda ya Ziwa nakihudumia mambo ya mtandao. Jina naliacha, bado nadai ankara yao. Mwezi uliopita niko juu ya ngazi navuta kebo, akaja mama mmoja wa kitengo cha ufungashaji: "Mwanangu, si wewe unayeshughulika na hizi mashine? Shuka uone kitu." Akasogeza simu yake kando ya mashine ya alama za vidole pale getini. Simu: 07:21. Mashine: 07:32. Mwisho wa kuripoti ni saa moja na nusu. Alikuwa na picha sita za namna hiyo, za siku sita tofauti, na hati ya mshahara yenye makato ya uchelewaji.

Nikadhani kuna mtu kachezea. Hakuna. Mashine ilifungwa karibu mwaka mmoja nyuma, fundi akaiweka saa kwa kuangalia simu yake, akaondoka. Dakika 11 ni sekunde 660. Gawa kwa siku 360, unapata sekunde 1.8 kwa siku, yaani sehemu 21 hivi kwa milioni. Kwa kristali (ile inayohesabu sekunde) ya bei rahisi hiyo ni kawaida kabisa, kifaa ni kizima. Kila saa ya kielektroniki isiyouliza popote inatembea hivyo, nyingine mbele, nyingine nyuma, na joto la chini ya bati linachangia.

Nikazunguka kiwanda kizima na daftari. Ruta ya MikroTik ilidhani ni Januari 1970, kwa sababu haina betri ya saa na umeme ulikuwa umekatika juzi yake. Kompyuta ya uhasibu iko nyuma dakika nne na ushee; huduma yake ya saa kuna mtu aliizima. Domeni ya Windows kwa kawaida inavumilia dakika tano, zikipita hizo Kerberos (mkaguzi wa wanaoingia) inakataa watu kuingia. Walikuwa wamebakiza wiki chache tu. DVR (kinasa picha) ya kamera ndiyo ilinichekesha: iko mbele saa tano kamili. Tofauti ya saa kamili ina maana moja: kifaa kimetoka China kimeachwa kwenye GMT+8, sisi tuko GMT+3. NTP haibebi ukanda wa saa, inabeba UTC (saa moja ya dunia nzima) peke yake. Ukikuta tofauti ya saa kamili usihangaike na NTP, nenda kwenye ukanda.

Nilivyofunga: nimechukua kompyuta moja ya mezani iliyostaafu, nikaweka Debian na chrony (programu ya NTP). Hiyo ndiyo mama wa saa wa kiwanda. Vifaa vyote vinaiuliza yenyewe, na yenyewe ndiyo inatoka nje kuuliza.

```
pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
server time.cloudflare.com iburst
driftfile /var/lib/chrony/chrony.drift
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.10.0/24
local stratum 10
```

Mstari wa makestep ndio watu wengi hawauelewi. Unasema: katika masahihisho matatu ya mwanzo, tofauti ikizidi sekunde moja, ruka papo hapo. Baada ya hapo usiruke tena, vuta saa polepole. Hifadhidata hazipendi kabisa saa kurudi nyuma, unapata miamala iliyoandikwa kabla ya ile iliyoitangulia. Mashine ya vidole ndiyo mbaya zaidi maana haijui kuvuta, inajua kuruka tu. Niliirekebisha saa tano usiku baada ya zamu zote kugonga. Ningeifanya saa moja asubuhi, alama za nusu ya watu zingevurugika.

Ruta (RouterOS 7):

```
/system clock set time-zone-autodetect=no time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=192.168.10.5
```

Kwenye faiawoli ruhusu UDP 123 (mlango wa NTP) kutoka kwa hiyo seva moja kwenda nje. Kutoka nje kuja ndani funga. Mwaka 2013 na 2014 seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumika kushambulia watu kwa amri ya monlist: unatuma swali dogo kwa anwani ya kughushi, jibu kubwa linamwangukia mwenye anwani.

Hapo wengi ndipo tunapofunga begi na kuondoka, na hilo ndilo limenifanya nifungue uzi. Kuweka NTP ni nusu saa. Saa ikikosea haipigi kelele. Diski ikijaa utajua, intaneti ikikatika utapigiwa simu hadi uzime, lakini saa inaweza kukosea mwaka mzima na taa zote ni kijani. Kwa hiyo sasa nachunga hivi:

Kwanza, kwenye seva yenyewe `chronyc tracking`. Naangalia mistari miwili tu, System time na Leap status. Ikisema "Not synchronised" napata ujumbe.

Pili, `chronyc clients`. Hii watu hawaijui na ni tamu sana. Inaorodhesha kila aliyekuja kuuliza saa na amekuja lini mara ya mwisho. Kifaa kilichoacha kuuliza kinaonekana hapo siku nyingi kabla saa yake haijapotea.

Tatu, vifaa visivyo na akili (DVR, mashine ya vidole) naviuliza kwa mlango wa nyuma. Vingi vina ukurasa wa wavuti, na ukiviita vinajibu pamoja na tarehe:

```
for ip in 192.168.10.31 192.168.10.32; do
  d=$(curl -sI -m 5 http://$ip | grep -i '^date:' | cut -d' ' -f2- | tr -d '\r')
  echo "$ip $(( $(date -d "$d" +%s) - $(date +%s) ))"
done
```

Inatoa tofauti kwa sekunde. Angalizo: vingine vinaandika saa ya hapa kwetu halafu vinaiita GMT, utaona 10800 hivi. Ondoa hiyo kwenye hesabu, usikimbilie kurekebisha kifaa.

Karibuni tukosoane.

---

Kibatari

Naweka kambi hapa. Halafu huyo mama amerudishiwa hela zake?

---

FundiNyaya

Kibatari, nilichapisha hesabu ya sekunde 660 ikaenda kwa mtu wa rasilimali watu. Wamemrudishia. Wamelazimika kupitia na wengine 14, hapo ndipo sura zilipobadilika.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu mbona mlolongo wote huu? Weka time.windows.com kila kifaa, kazi imekwisha. Kompyuta nzima ya kuhesabia saa tu ni kutafuta sifa.

---

Mlinzi wa Usiku

Kichwa Ngumu, tarehe 19 Novemba 2012 kuna seva mbili za saa za jeshi la wanamaji la Marekani, zile za kituo chao cha uangalizi wa anga, zilianza kutangaza kwamba ni mwaka 2000. Siyo seva za uchochoroni, ni za watu ambao kazi yao ni saa. Waliokuwa wanategemea chanzo hicho peke yake, kompyuta zao zilirudi miaka 12, watu wakashindwa kuingia kwenye domeni. Waliokuwa na vyanzo vinne hawakujua kama kuna kitu kimetokea.

Ukiwa na chanzo kimoja unaamini tu. Ukiwa na viwili vikatofautiana, huna wa kukuamulia. Vitatu, wawili wanamshinda mmoja. Cha nne ni kwa ajili ya siku ambayo kimoja kati ya vitatu hakipatikani. Na usichanganye time.google.com na wengine, Google wana utaratibu wao wa kuisambaza sekunde ya nyongeza kwa siku nzima, siku hiyo ikifika atatofautiana na wenzake bila mtu kukosea.

---

Mtaa wa Saba

Wadau, niko Thika. Nimefuata maelezo hadi mwisho lakini `chronyc sources` inanionyesha ^? kwa kila seva na Reach iko 0. Nimengoja dakika 40. Intaneti iko sawa, YouTube inacheza. Shida ni gani?

---

FundiNyaya

Kaka, YouTube haitumii UDP 123. Reach 0 maana yake katika maswali manane ya mwisho hakuna hata moja lililojibiwa. Fungua dirisha la pili:

`tcpdump -ni any udp port 123`

Ukiona maswali yanatoka na hakuna linalorudi, kuna mtu kati yako na dunia amefunga. Anza na ruta yako mwenyewe kabla hujamlaumu mtoa huduma.

---

Mtaa wa Saba

Ni ruta yangu. Kuna sheria niliandika mwaka juzi ya kutupa UDP zote isipokuwa 53. Nimeona aibu. Sasa Reach inasoma 17. Hiyo ni nzuri ama mbaya? 17 kwa mia?

---

Mlinzi wa Usiku

Siyo asilimia, ni namba ya msingi wa nane. Ichukulie kama mstari wa taa nane. Kila swali likijibiwa taa moja inawaka upande wa kulia na zote zinasogea kushoto. Inaanza 1, halafu 3, 7, 17, 37, 77, 177, mwisho 377. Hiyo 377 ni taa zote nane zinawaka. 17 ni nne za mwisho zinawaka, unapanda vizuri. Ukija kukuta 376 ujue swali la mwisho kabisa limepotea. Ukikuta 357 kuna moja lilipotea katikati, laini yako inakohoa kidogo.

Baada ya hapo subiri nyota: ^* ndiye aliyechaguliwa, ^+ wanaomsaidia, ^- yuko sawa lakini hatumiki, ^x ni mwongo kwa kura za wenzake.

---

Mtaa wa Saba

377 na nyota imewaka! Tofauti ilikuwa sekunde 47. Asanteni sana wadau.

---

Mkaazi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, nafunga kamera. Nataka kuongeza jambo ambalo hakuna seva italitibu.

Hoteli moja huku kuliibiwa mafuta ya jenereta. Mlinzi kaandika kwenye kitabu chake: "saa 3:10 nimesikia mlio." Msimamizi mpya, kasoma bara huko na kazoea saa ya kompyuta, kafungua DVR saa 03:10. Ua mtupu, paka anapita. Wakamwita mlinzi muongo. Mzee wa watu alikuwa anasema saa tatu na dakika kumi za usiku, yaani 21:10. Saa sita nzima wamekosea, na DVR ilikuwa sahihi kwa sekunde.

Tangu hapo kila ninapofunga nabandika karatasi kando ya skrini: juu saa ya kizungu, chini yake saa yetu. Kuna bosi mmoja aliniomba niirudishe DVR nyuma saa sita "ili iseme Kiswahili". Nikamkatalia. Tarehe ingekuwa inabadilika saa kumi na mbili asubuhi, picha za usiku mzima zinakaa kwenye siku iliyopita, na ukiwapelekea polisi hakuna atakayekuelewa.

Lakini kwa wanaosoma logi za UTC, nina ujanja mmoja mzuri. Saa ya Kiswahili ni UTC kutoa tatu. Logi ikisema 04:00 UTC, ni saa moja asubuhi. Ikisema 11:20, ni saa nane na dakika ishirini mchana. Ikisema 19:05, toa tatu upate 16, ondoa kumi na mbili, saa nne na dakika tano usiku. Hupiti kabisa kwenye ile ya kizungu.

---

Kibatari

Hiyo ya kutoa tatu nimeijaribu kwenye logi sita mfululizo. Sheikh, miaka yote nilikuwa naongeza tatu halafu natoa sita kama mjinga.

---

Mto Rusizi

Salamu kutoka Bujumbura. Sisi tuko UTC+2, na kampuni ina ghala Kigoma yenye UTC+3. Ziwa moja, saa mbili. Mzigo uliotoka Kigoma saa 10:00 ukagongwa muhuri wa mfumo, kisha karani wa huku akaurekebisha saa 09:40, kwenye ripoti ilionekana amerekebisha kabla haujatoka. Tulibishana mwezi mzima kabla ya kugundua. Dawa ilikuwa seva zote kuandika UTC, ukanda unaongezwa wakati wa kumwonyesha mtu tu. Kamera na mashine za vidole tumeziacha kwa saa ya mahali, maana hizo zinasomwa na mtu aliyesimama hapo hapo.

---

Mlinzi wa Usiku

Nirudi kwenye kuchunga. Mleta uzi amesema vizuri ila hajataja viwango, na hapo watu hujipa kazi ya bure. Nimeona mtu kaweka arifa ilie tofauti ikizidi milisekunde 5 kwenye laini ya simu. Ililia usiku kucha, asubuhi akaizima, na imebaki imezimwa.

NTP inapima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, halafu inadhani safari zote mbili ni sawa. Laini ya simu haiko hivyo. Ukipakia faili kubwa, kwenda kunaweza kuwa milisekunde 200 na kurudi 40. Jumla 240, NTP inagawa nusu, 120 kila upande. Inakosea 80 na yenyewe inajiona iko sawasawa. Hakuna usanidi wa kutibu hilo zaidi ya laini bora au saa ya setilaiti.

Mimi natumia: kamera na mahudhurio, arifa kwenye sekunde 2. Seva, milisekunde 100. Zile namba za kuingilia za tarakimu sita zinabadilika kila sekunde 30, kwa hiyo sekunde chache hazikuui. Na arifa isilie kwa kipimo kimoja, ngoja vitatu mfululizo. Ukiwa na Prometheus (programu ya kuchunga) zipo tayari `node_timex_offset_seconds` na `node_timex_sync_status`. Zabbix, nayo ya kuchunga, ina `fuzzytime`. Kwa swichi zenye SNMP (njia ya kukihoji kifaa), uliza `hrSystemDate.0`, baadhi zinajibu.

Tena: anayechunga asiwe yule yule anayetoa saa. Seva ikipotea na vifaa vikamfuata, wote wanakubaliana na skripti yako inasema sifuri sifuri sifuri. Weka walau kipimo kimoja kinachouliza nje.

---

Daktari wa Redio

Kwa walio sehemu zisizo na intaneti ya uhakika: kipokezi cha GPS, gpsd (programu ya kukisoma), na chrony. Kile cha USB kitupu kinakupa usahihi wa sehemu za kumi za sekunde, kwa kamera kinatosha na kubaki. Ukitaka zaidi tafuta chenye waya wa PPS (mpigo mmoja kila sekunde), hapo unaongelea sehemu za milioni za sekunde. Antena ione anga, siyo kuificha chini ya bati halafu unalalamika.

Jambo moja la kuangalia: saa ya GPS yenyewe iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kipokezi kinajua kuzitoa, lakini kikiwa kimelala muda mrefu kinahitaji kusikiliza ujumbe mzima wa setilaiti, dakika 12 na nusu, ndipo kiwe na uhakika. Usiiamini dakika za mwanzo.

---

Kichwa Ngumu

Sawa, nimekubali yaishe. Ila mleta uzi, hiyo `local stratum 10` yako ni bomu. Intaneti ikiwa haipo na seva ikawaka na saa mbovu, itawagawia wote saa mbovu kwa kujiamini.

---

FundiNyaya

Kichwa Ngumu, kwanza nikupe heshima yako. Pili, yameshanikuta, nilikuwa naona haya kuandika.

Wiki ya kwanza umeme ulikatika Jumamosi usiku, UPS ikachoka, mnara wa intaneti nao ukaenda. Umeme ukarudi alfajiri, intaneti haijarudi. Ile kompyuta iliyostaafu ilikuwa na betri ya ubao iliyokufa zamani, sikuwa nimeikagua. Ikawaka ikiwa miaka mingi nyuma, haina wa kumuuliza, na kwa sababu ya huo mstari ikaanza kuwajibu wote kwamba yenyewe ndiyo saa. DVR ikaamini. Ikarekodi Jumapili nzima kwenye tarehe ya zamani, na kwa kuwa ilikuwa imepangiwa kufuta picha zilizopita siku 30, nadhani mnajua kilichofuata.

Nimebadilisha betri, CR2032, ile ya sarafu. Mstari nimeufuta. Intaneti ikikosekana siku mbili vifaa vitajiendea vyenyewe na vitapotea sekunde tatu nne, siyo hoja. Seva isiyo na uhakika bora inyamaze.

---

Mtaa wa Saba

Boss, nimejaribu ile skripti ya curl. Kamera moja imezimwa kabisa, nimechomoa waya mimi mwenyewe, lakini inaniambia tofauti ni -53112. Inasoma saa ya nini sasa?

---

FundiNyaya

Duh. Ni kosa langu. Kifaa kisipojibu, `$d` inabaki tupu, na `date -d ""` hailalamiki, inakupa saa sita usiku ya leo. Gawa 53112 kwa 3600 utapata saa 14 na dakika 45, bila shaka ndiyo saa uliyoiendesha. Ongeza mstari huu kabla ya echo:

`[ -z "$d" ] && echo "$ip kimya" && continue`

---

Mtaa wa Saba

14:45 kweli. Sasa inasema kimya.